Kiungo na hesabu ya kadi zake: niliyojifunza kwa Denis Cheryshev

Nilipokuwa meneja wa timu ya vijana wilayani kwetu, tulishinda mechi moja ya Jumamosi kwa mabao 2 kwa 0, na kufikia Jumatano wapinzani walikuwa wamepewa pointi 3 za mezani. Kijana aliyetufungia bao la kwanza, kiungo wa pembeni wa miaka 17, alipaswa kukosa mechi ile kwa sababu ya kadi za njano alizozipata katika timu aliyotoka. Alinijia viatu vikiwa mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, ni mimi niliyewaponza wenzangu?" Siku ile sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilikuja kulipata baadaye katika safari ya kiungo wa Urusi, Denis Cheryshev, na tangu hapo huwasimulia habari zake vijana wote ninaowafundisha.

Cheryshev alizaliwa Nizhny Novgorod mwaka 1990, akakulia Hispania kwa kuwa baba yake, Dmitri, alihamia Sporting Gijón mwaka 1996. Alilelewa kisoka katika timu za vijana za Real Madrid, kisha akatolewa kwa mkopo Sevilla na baadaye Villarreal. Akiwa Villarreal msimu wa 2014/15 alikusanya kadi 3 za njano katika Kombe la Mfalme, shindano la mtoano la Hispania, na adhabu ya kukosa mechi moja ikavuka naye hadi msimu uliofuata, aliporejea Madrid. Tarehe 2 Desemba 2015 alipangwa dhidi ya Cádiz katika kombe hilohilo, akafunga bao mapema kabisa, na habari za adhabu yake zikaenea uwanjani mechi ikiendelea. Alitolewa mara tu kipindi cha pili kilipoanza, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Real Madrid walishinda 3 kwa 1 na bado wakaondolewa mashindanoni, ingawa walijitetea kwamba mchezaji hakuwa amearifiwa rasmi.

Hebu tazama ukubwa wa klabu ile, yenye wanasheria na makarani wa kutosha, kisha ujiulize ni nani anayehifadhi kumbukumbu za kadi katika timu yako ya mtaani. Kwa maoni yangu kosa lile lilikuwa la uongozi kabla ya kuwa la mchezaji, na ndivyo nilivyopaswa kumjibu yule kijana. Hata hivyo, namshauri kila mchezaji aijue hesabu yake mwenyewe, kwa sababu anayetajwa magazetini ni yeye, wala si karani.

Sehemu ya safari yake inayonigusa zaidi ni ile iliyofuata. Alipelekwa Valencia kwa mkopo, akasajiliwa na Villarreal mwaka 2016, na majeraha yakamsumbua mara kwa mara. Kombe la Dunia la 2018 lilipofunguliwa Moscow tarehe 14 Juni, alianzia benchi, tena akiwa hajawahi kuifungia timu ya taifa bao hata moja. Dakika ya 24 Alan Dzagoev aliumia msuli wa paja, na Cheryshev akaitwa. Kabla ya mapumziko aliupokea mpira ndani ya eneo la hatari, akauinua kidogo huku mabeki wawili wa Saudi Arabia wakiteleza na kumpita, kisha akaupiga kwa mguu wa kushoto. Katika dakika za nyongeza akafunga la pili kwa nje ya mguu uleule, na Urusi ikashinda 5 kwa 0. Aliifunga Misri pia, na katika robo fainali huko Sochi akaifunga Croatia kwa shuti la mbali ambalo kipa alilisindikiza kwa macho tu, kabla ya Urusi kutolewa kwa penalti.

Kijana anayenuna akiwekwa benchi huwa namkumbusha ile dakika ya 24. Wachezaji wangu wa akiba hupasha misuli moto tangu dakika ya 10 na kufunga kamba za viatu sawasawa, na kila mmoja hunieleza beki wa upande wake anautegemea mguu gani. Asiyeweza kunieleza hilo simwingizi.

Kuhusu kadi, nina daftari kubwa la jalada gumu ambalo kila mchezaji ana ukurasa wake wenye safu za mashindano, tarehe, kadi na adhabu aliyoitumikia, na mwenye ukurasa hutia sahihi kabla sijaikabidhi orodha kwa kamisaa wa mechi. Mchezaji anayehamia kwetu simpangi hadi timu aliyotoka iniandikie barua ya kueleza adhabu anazodaiwa katika kila shindano, na nakala ya barua hiyo naipeleka kwa kamati ya ligi ili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ni wa yule kijana wa pembeni, na aliuandika kwa mkono wake mwenyewe.