Comet ya East African haimo ndani ya boksi lile

Msomaji wa Mafinga aliniandikia wiki iliyopita. Amepata kwa mjomba wake boksi la zamani la Airfix, la vipande vya kuunga ndege ya mfano: ndege ya abiria De Havilland Comet 4B, skeli 1:144, yaani ndogo mara 144 kuliko halisi, vipande vyote vimo. Anataka iwe Comet ya East African Airways, lile shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki. "Kaka, nikibadilisha rangi na maandishi si inatosha?"

Haitoshi, mdogo wangu. Ukipaka rangi za East African kwenye Comet 4B utakuwa umetengeneza ndege ambayo shirika hilo halikuwahi kuirusha hata siku moja. Najua mgeni sebuleni hatagundua, lakini anayejenga ndege za mfano hajengi kwa ajili ya mgeni wa sebuleni.

Comet 4B ilitengenezwa kwa ajili ya BEA, shirika la ndege la Uingereza lililorusha safari fupi za Ulaya. Safari fupi hazidai mafuta mengi, zinadai viti. Ndiyo maana bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, ilirefushwa, mabawa yakafupishwa, na yale matangi mawili ya mafuta yanayochomoza mbele ya mabawa yakaondolewa. East African walikuwa na hesabu nyingine, Nairobi hadi London. Walichukua Comet 4 ya kawaida, zenye namba za usajili VP-KPJ na VP-KPK mwaka 1960, kisha VP-KRL mwaka 1962. Bodi fupi, mabawa marefu, matangi yapo. Hivyo kazi ya kisu ni tatu, na rangi inakuja mwisho kabisa.

Vipimo ni hivi. Comet 4 halisi ina urefu wa mita 33.99, na mita 35.05 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Comet 4B ni mita 35.97 kwa 32.87. Ukigawanya kwa 144, Comet 4 inatoka milimita 236 kwa 243.4, na 4B milimita 249.8 kwa 228.3. Kwenye bodi unatoa takriban milimita 13.8, na kila bawa unaliongezea 7.6. Pima plastiki yako mwenyewe kabla ya kuamini hesabu yangu, kwa sababu kiwanda cha zamani nacho hukosea milimita moja au mbili, na unachofuata ni kipimo cha mwisho, si kiasi cha kukata.

Asiye na moyo wa kukata bodi ana njia ya mkato. Comet 4C ilikuwa na bodi ndefu ya 4B na mabawa ya Comet 4. Ongeza mabawa na matangi, usiguse bodi, utapata 4C halali kama zile za Sudan Airways au za Misri. Si aibu. Ila usiandike East African ubavuni.

Kabla ya kukata chochote, osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uvisugue kwa mswaki laini. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na baada ya miaka mingi mafuta hayo huganda kama utando. Gundi haishiki vizuri juu yake, na rangi hubanduka. Vipande usivivunje kwenye fremu inayovishikilia kwa kuvizungusha, maana plastiki ya zamani hukatika pasipotakiwa. Kikata kucha kinafanya kazi nzuri.

Bawa likiwa limepinda, litumbukize kwenye maji ya moto unayoweza kuingiza kidole kwa sekunde moja tu, likae dakika moja, linyooshe kwa vidole, kisha lipeleke kwenye maji ya baridi ukiwa bado umelishika. Maji yanayochemka usiyatumie. Mbeya tuko juu na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, lakini hata hizo zinatosha kulifanya bawa jembamba likunjamane kama ganda la ndizi.

Halafu tengeneza uji wa plastiki. Kata fremu za boksi hilohilo vipande vidogo, jaza robo ya kichupa cha kioo, mimina thina ya rangi za magari hadi ifunike, funga, acha hadi kesho yake. Ikibaki nyepesi ongeza fremu, ikiwa nzito kama ugali ongeza thina. Uji huu ni gundi na ni pati ya kujazia nyufa kwa pamoja, na ukikauka unakuwa plastiki ileile ya ndege, kwa hiyo msasa unakula sawa pande zote. Ubaya wake ni kwamba unasinyaa. Ukiupiga msasa baada ya masaa machache, wiki ijayo utakuta mfereji palepale. Upe siku tatu. Na kwa baridi ya Juni, mtu wa Uyole au Makambako asifungue kichupa hicho chumbani penye jiko la mkaa. Mvuke wa thina unatambaa chini na kulifuata jiko.

Sasa bodi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Usitoe milimita zote mahali pamoja. Bodi ya 4B ilirefushwa mbele na nyuma ya bawa, kwa hiyo unakata vipande viwili, kimoja mbele ya mzizi wa bawa, pale linapoingia kwenye bodi, na kimoja nyuma yake, ndani ya sehemu ambayo bodi ni bomba lenye unene uleule. Pua usiiguse, wala pale bodi inapoanza kusinyaa kuelekea mkiani. Ukikata kwenye msinyao, kingo mbili hazitakutana: moja itakuwa pana kuliko mwenzake, na utajaza pati mpaka uchoke.

Kujua kila upande unatoa kiasi gani, tafuta picha ya Comet 4 iliyopigwa ubavuni kwa mbali. G-APDB iliyohifadhiwa Duxford, Uingereza, ni Comet 4 ya bodi fupi na imepigwa picha nyingi. Pima kwenye picha kwa rula: pua hadi pale ukingo wa mbele wa bawa unapoingia kwenye bodi, kisha urefu wote. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 236. Kwa mfano, tuseme picha inakupa 60 kwa 180: hiyo ni theluthi, sawa na milimita 78.7 kwenye ndege yako. Pima plastiki ilivyo sasa, na tofauti utakayoipata ndiyo unayotoa mbele. Inayobaki kufikia 13.8 unaitoa nyuma. Picha iliyopigwa kwa karibu haifai, kwa sababu lenzi huvimbisha kilicho mbele yake.

Funga nusu mbili za bodi kwa selotepu ya karatasi bila gundi. Zungushia utepe mwingine mahali pa kukata, ncha yake ikikutana na mwanzo wake bila kupishana. Ikipishana hata nusu milimita, mstari wako si duara, ni mzunguko wa skrubu. Weka alama, fungua nusu hizo, kata kila moja peke yake. Msumeno wa chuma unakula karibu milimita nzima ya plastiki kila unapopita, na kwa mikato minne hiyo ni milimita nne zisizokuwemo kwenye hesabu. Ukiutumia, upitishe ndani ya kipande cha kutupa, ubakize nusu milimita ya kumalizia kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo. Ila bora zaidi ni mgongo wa kisu: pitisha mara thelathini, arobaini, kwenye mstari uleule bila kukandamiza, mpaka plastiki iachie yenyewe. Haina vumbi, na ukingo unatoka mnyoofu.

Kuna ujanja mmoja ambao ningemlazimisha kila mtu autumie. Usikate nusu ya kushoto na ya kulia mahali pamoja. Kushoto kata dirisha moja mbele zaidi, urefu wa kutoa ukiwa uleule. Ukiunganisha, maungio yanapishana kama matofali ukutani, na bodi haivunjiki hata ikidondoka mezani. Kwa ndani bandika mikanda ya milimita 8 iliyokatwa kwenye kikopo cha mtindi. Angalia chini ya kikopo: pembetatu yenye namba 6 ni polistirini, itayeyuka na kushikana na bodi. Namba 5 haishiki, hata ukiomba dua.

Mdundo wa madirisha utakuwa umevurugika, kwa hiyo yazibe yote. Selotepu kwa nje, uji kwa ndani, siku tatu, kisha msasa wa maji namba 400, 800 na 1200. Utayarudisha baadaye kama stika.

Mabawa ni rahisi kuliko yanavyotisha. Kata ile ncha ya mviringo, weka bawa juu ya karatasi, endeleza kwa penseli ukingo wa mbele na wa nyuma mpaka ufikie urefu mpya. Nyongeza inatoka kwenye kasha la CD, ambalo ni polistirini ngumu yenye unene kama milimita 1.2. Bandika mbili pamoja, toboa bawa na nyongeza, pitisha vipini viwili vya waya ulionyooka, gundisha, kisha piga tupa. Kadi za benki na za simu ziache. Ni plastiki ya aina nyingine, na itabidi uzishike kwa supagluu, nayo ikishakauka ni ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, hivyo msasa unaacha kinundu.

Matangi nayo yachonge kwenye fremu nene zilizobandikwa pamoja, uzishike kwenye drili inayozunguka polepole huku ukisugua kwa msasa. Chonga matatu, chagua mawili yanayofanana. Ukubwa na mahali pake chukua kwenye picha iliyopigwa kutoka chini.

Kuhusu mistari ya paneli, ile inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege: iliyoinuka itafutika kwa msasa, na watu hukesha wakiichora upya kwa sindano. Mfereji wa milimita 0.3 kwenye skeli hii ni sentimita 4.3 kwenye ndege halisi. Hakuna abiria angepanda ndege yenye nyufa za kuingiza vidole viwili. Penseli ya HB iliyochongwa vizuri, juu ya rangi na chini ya vanishi, inatosha.

Kabla ya kufunga bodi, ipe uzito puani. Funga kila kitu kwa selotepu, weka penseli chini ya mstari wa magurudumu makubwa, ongeza chubwi za kuvulia samaki mpaka pua ishuke, kisha ongeza gramu 5 za rangi na bahati mbaya. Chubwi za risasi zishike kwa gundi ya mirija miwili. Gundi nyeupe ya mbao usiiguse kabisa: inaila risasi polepole, risasi inavimba, na baada ya miaka michache pua inapasuka yenyewe ikiwa kabatini.

Rangi ya gari ya kopo la kupuliza inafaa, lakini thina yake ni ileile iliyoyeyusha fremu zako. Ukipuliza kwa wingi, plastiki inachubuka na kuwa kama ngozi ya chungwa. Praima ya kijivu ipulizwe kama ukungu, tabaka nne nyembamba, dakika kumi na tano kati yake. Baada ya hapo plastiki imekingwa. Paa jeupe, kisha tumbo la rangi ya alumini. Asubuhi za baridi kopo hukosa nguvu na kutema matone, kwa hiyo lisimamishe dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto. Siku za mvua usipulize, rangi itafifia na kuwa na utando mweupe. Agosti hadi Oktoba adui ni vumbi. Pulizia ndani ya katoni kubwa, na sakafu uimwagie maji kwanza.

Stika za boksi ni za BEA na bila shaka zimekuwa njano. Zitumie kujifunzia. Za East African utazichapisha kwa printa ya leza kwenye karatasi ya stika za maji, zile zinazolowekwa ndipo zibandikwe, ambayo utaiagiza nje. Leza haichapishi nyeupe, lakini maandishi meusi kwenye paa jeupe hayana shida. Chagua picha moja ya ndege moja ya mwaka mmoja, uifuate hadi mwisho. Namba za VP-K ni za zama za ukoloni. Baadaye Comet hizohizo zilibeba 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda na 5Y ya Kenya, na ukichanganya mstari wa rangi wa ubavuni wa 1960 na namba za baada ya uhuru, kazi yote ya kukata inakuwa bure.

Ikikauka, ilaze kwenye rula. Pua hadi mkia 236, ncha hadi ncha 243, ukikosa kwa milimita moja nyamaza. Ikisoma 250, hiyo bado ni ya BEA.