Maswali ya Wasomaji: Jua Halipandi kwa Namba Moja

Swali: Nakadiria urujuanimno mkali wa Jua kwa ajili ya hesabu za ionosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme. Nachukua spektra ya siku tulivu, nazidisha yote kwa namba moja inayofuata F10.7, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio ya Jua yenye urefu wa sentimita 10.7. Kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 30.4 nakaribiana na setilaiti, 28.4 niko chini mno, na siku ya mwako wa Jua ndiyo kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Hiyo namba moja ndiyo inayokuponza. Modeli ya EUVAC ya mwaka 1994 inagawa nanometa 5 hadi 105 katika vipande 37, kila kimoja na kizidishi chake, A. Jumlisha F10.7 ya siku na wastani wake wa siku 81, gawa kwa 2, upate P. Kisha zidisha kiasi cha rejea cha kipande, yaani cha Jua tulivu, kwa 1 + A(P − 80).

Tuseme F10.7 ya leo ni 180 na wastani ni 150. P ni 165. Mstari wa heli wa 30.4 una rejea ya fotoni bilioni 6.9 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde, na A ni 0.00333: unapata bilioni 8.9, nyongeza ya 28% tu. Mstari wa chuma wa 28.4 una rejea ya bilioni 0.21 na A ya 0.138: unapata bilioni 2.7, karibu mara 13! Chuma hicho, kilichopoteza elektroni 14, hung'aa kwenye korona, anga la nje la Jua, ya nyuzi zipatazo milioni 2, juu ya maeneo yenye madoa. Madoa yakiisha, nacho karibu kinazimika. Heli haiyumbi hivyo.

Kagua pia F10.7 yenyewe. Hupimwa Penticton, Kanada, mara tatu kwa siku, na inayoripotiwa ni ya saa 20:00 UTC. Mlipuko wa redio ukiangukia saa hiyo namba inavimba bure. Tumia kipimo jirani.

Kwa mwako, F10.7 iache. Mwako ni wa dakika, F10.7 ni ya siku. Tumia eksirei za Jua za nanometa 0.1 hadi 0.8 zinazopimwa na setilaiti za GOES za Marekani, kama ifanyavyo FISM, modeli ya urujuanimno inayohesabu na miako: toa kiwango cha kabla ya mwako, awamu ya kupoa ifuate mkunjo wa eksirei, na awamu ya mshtuko wa mwanzo ifuate kasi ya kupanda kwake. Data za zamani za GOES-8 hadi 15 zilizidishwa kwa 0.7, kwa hiyo zigawe kwa 0.7 kwanza. Zilizochakatwa upya zimeshanyooshwa. Ukizigawa tena unaziharibu.

Swali: Kwa nini tusitumie vipimo vya setilaiti moja kwa moja?

Jibu: Tunavitumia vilivyopo, ila vina mapengo. San Marco 5, iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi Machi 1988 ikiwa na spektromita ya urujuanimno, ilianguka Desemba mwaka huohuo. Kwenye SDO, setilaiti ya NASA ya kutazama Jua, sehemu ya kifaa chake cha urujuanimno, EVE, iliyopima nanometa 6 hadi 37 ilikufa Mei 2014. Hata zinazoishi hufifia: mvuke wa plastiki na gundi za chombo hugandishwa na urujuanimno kuwa utando wa kaboni kwenye vioo, na vichujio vya alumini hushika oksidi. Ndiyo maana roketi hurushwa na kifaa pacha kupima Jua lilelile wakati uleule, na tofauti inayoonekana ndiyo marekebisho.