Sigara na mlango wa kizazi: vinahusiana

Dada, umeuliza moshi unaoingia mapafuni unahusiana nini na mlango wa kizazi, baada ya kipimo kuonyesha una virusi vya HPV, vile vinavyoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi. Vinahusiana sana. Kemikali za tumbaku huingia kwenye damu, na nikotini imekutwa hadi kwenye ute wa mlango wa kizazi. Hapo huharibu seli na kudhoofisha kinga ya mwili. Kinga hiyo ndiyo inayotegemewa kuviondoa virusi, na kwa wanawake wengi huviondoa ndani ya miaka 2 hivi. Kwa mvutaji, virusi hukawia. Ndiyo maana hatari yake ya kupata saratani hiyo hukaribia mara 2 ya asiyevuta.

Usiogope lakini: kuwa na HPV si kuwa na saratani. Mabadiliko ya seli hadi kuwa saratani huchukua miaka mingi, na yakigunduliwa mapema hutibika. Acha sigara sasa, hata kama umevuta muda mrefu, maana hatari hupungua ukiacha. Na tarehe ya kurudi kliniki usiiruke, hata ukijisikia mzima. Hatua za mwanzo hazina dalili. Mwambie daktari wazi kwamba unavuta. Wengi hulificha hilo, sijui kwa nini.