Mdogo wangu ana kifafa, waumini wanamkwepa msikitini

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mdogo wangu ana kifafa. Tangu siku alipoanguka msikitini, watu hawataki kusimama naye safu moja wala kula naye sahani moja. Wanasema ana jini na sala yake haifai. Mama naye anataka aache vidonge, asomewe tu. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, pole sana, na mpe pole mdogo wako.

Imepokewa katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba sahaba Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah, "Je, nikuoneshe mwanamke wa Peponi?" Akamwonesha mwanamke mweusi aliyewahi kumwendea Mtume (s.a.w.) akisema: mimi huanguka kifafa na nguo hunifunuka, niombee. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba asifunuke. Mtume akamwombea.

Mtume hakumuuliza ametenda dhambi gani. Na mama huyo aliukubali ugonjwa. Alichoshindwa kukivumilia ni kukosa sitara mbele za watu. Sitara hiyo tunaweza kumpa mgonjwa hata kama si madaktari, na wanaomkwepa mdogo wako ndiyo wanayomvua. Akianguka tena, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, mfunikeni kanga au shuka, msimtie kitu mdomoni wala msimshike kwa nguvu. Anayetoa simu kumpiga picha anatenda dhambi. Degedege likipita dakika tano, apelekwe hospitali haraka.

Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa sahani. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Akipoteza fahamu udhu wake umetenguka. Akizinduka atawadhe aswali, na sala yake ni sahihi kama yako na yangu. Anayeacha pengo kwenye safu kwa ajili yake ndiye aliyekwenda kinyume na amri ya Mtume ya kuziba mapengo.

Wagonjwa wa akili hali yao huwa nzito zaidi, maana wengine hufungwa minyororo na jamaa zao wenyewe. Mtume amesema kalamu imeinuliwa kwa aliyepoteza akili mpaka imrudie. Ikiwa Allah hamhesabii, sisi tunamwadhibu kwa lipi?

Mwambie mama, kwa upole, kwamba kisomo ni kheri na asiache kumsomea, lakini Mtume huyo huyo amesema, "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Wagonjwa wengi wa kifafa wakimeza dawa sawasawa hawaanguki tena, na kuzikata ghafla kunaweza kuleta degedege la kuua. Hata Ramadhani, daktari akisema dozi ya mchana haiahirishiki, ale na ameze. Kama hatarajiwi kuweza kulipa baadaye, atalisha maskini mmoja kwa kila siku.

Wallahu a'lam.