Umemaliza chuo, umerudi mwisho wa reli, sasa?

Mi nilimaliza chuo Dodoma mwaka 2016, sosholojia, na kama na wewe ni wa kipindi kile utakumbuka ndo mwaka serikali ilisitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kwahiyo tulivua majoho tukakuta mlango umefungwa. Nikapanda treni nikarudi Kigoma, nikamwambia mama ni miezi mitatu tu. Ikawa miaka miwili.

Sitaki kuisimulia sana ile miaka miwili mana walioipitia wanaijua. Unaamka, unafagia uwanja, unanunua bando la mia tano, unatuma barua, kimya. Kisichosemwa sana ni aibu ya njiani. Nilikuwa nikitoka nyumbani Mwanga nazunguka vichochoroni ili nisipite kibarazani kwa mzee mmoja rafiki yake baba, mana akiniona lazima aulize "mwanangu, bado hawajakuita tu?" na anauliza kwa upendo kabisa, ndo inauma zaidi.

Sasa mama mkubwa wangu anauza dagaa pale Kibirizi. Siku moja mguu ulimsumbua akaniomba nishuke mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhushia mzigo, nikamdaie madeni, akanipa daftari lake. Jamani lile daftari! Wadaiwa wameandikwa "Mama Kofia", "Mrefu wa Kasulu", "Yule wa siku ya mvua". Kiasi hakuna, kuna vistari tu, kila kistari gunia moja, na mtu akilipa nusu anakikata katikati. Yeye mwenyewe anausoma ukurasa mzima bila kusita, wewe mwingine unaona kuku kakanyaga.

Nilikaa nae siku tatu kibarazani namuuliza, huyu nani, alichukua lini, alikwambia atalipa lini, alikuwa na nani. Kazi ile ile ya kuhoji watu tuliyofundishwa darasani na mi nikaiona ya kujibia mtihani tu. Mwisho ikatoka kwamba Mrefu wa Kasulu peke yake alikuwa na gunia saba za tangu kabla ya mbalamwezi iliyopita (kwa wa mbali: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwahiyo mwaloni wengi wanahesabu kwa mwezi wa juu sio wa kalenda). Nikamfungulia daftari jipya, kila mteja na ukurasa wake, hela ya mzigo mbali, nauli na chakula mbali. Mrefu alipolipa, mama mkubwa akanipa elfu ishirini. Wiki iliyofuata akaja jirani yake na daftari lake kwenye mfuko wa rambo, afu mwingine, afu mwingine.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza GPA.

Ndo mana mtu akiniambia "fuata ndoto yako" ananichosha kidogo. Mi sijawahi kuota daftari la dagaa hata siku moja. Ninachowaambia wadogo zangu ni wajiangalie, watu wanakuja kwako na nini bila kuwaita? Kuna anayeletewa simu zilizokufa, kuna anayeitwa kila msiba apange bajeti ya chakula, kuna ambaye dada zake wote wanamtumia yeye kwenda kusuluhisha na mashemeji. Wewe unaona usumbufu, kumbe mtaa umeshakufanyia usaili na ukapita.

Na digrii haikupotea, hapa nisieleweke vibaya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ulisimama kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mwaloni kukawa kimya na mi mfuko wangu kimya vile vile. Lakini ndo mwaka ambao mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ilirudi baada ya kusimamishwa 2023, ile ya nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kina mama wakataka vikundi, na kikundi kinataka katiba, kinataka andiko linaloeleza hela itafanya nini na itarudi vipi. Nani wa kuandika? Nikaandika. Zile kurasa za utafiti nilizolia nazo mwaka wa tatu zimenilisha.

Kwenye kusaidia wengine mi nilianza kwa kuharibu. 2019 alinifuata kijana mmoja wa Gungu, kasoma ualimu wa sayansi, mpole, akasema dada naomba koneksheni. Nikajiona mjanja, nikamwambia achana na kusubiri, chukua dagaa peleka Tabora. Akachukua laki nne ya mama yake. Akaanika mchangani badala ya kwenye chanja, mvua ikapiga siku mbili mfululizo, mzigo ukageuka rangi ukanuka, mwisho akauza kwa watu wa chakula cha kuku. Nusu ya ile hela nimeilipa mimi, kidogo kidogo, karibu mwaka.

Nilipokwenda kwao kumuomba radhi mama yake nikakuta watoto sita wa kidato cha nne wamekaa barazani, ubao wa plaiwudi umeegemezwa ukutani, jamaa anafundisha hesabu. Bure. Nikamuuliza hii nayo ni nini, akasema "aah hawa wananisumbua tu dada". Miezi yote ile sikuwahi kumuuliza anashinda anafanya nini! Leo ana twisheni ya kulipia na ubao wa kweli.

Toka hapo simpi mtu njia yangu. Namtembelea kwao kwanza, nakaa, naangalia nani anakuja. Afu namtafutia mtu anayeifanya ile kazi akae nae wiki nzima. Siku moja haitoshi, mana siku ya kwanza mgeni anaonyeshwa mazuri, siku ya nne mwenye kazi anasahau kama kuna mgeni, anagombana na wadeni, anapigiwa simu ya kodi, hapo ndo kazi yenyewe inaonekana.

Ajira za serikali nazo omba, usisikilize wanaozicheka. Akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, iwe hai, jina la kwenye NIDA na la kwenye vyeti yafanane, na usipandishe rizalti slipu ukadhani ni cheti, matangazo yao yanakataa wazi wazi. Umri mara nyingi ni mpaka miaka 45, kwahiyo nafasi haiishi wiki hii, huna haja ya kukaa nyumbani ukisubiri tu. Mi mwenyewe bado naomba.

Jumamosi hii kuna binti wa Katubuka anakuja, kasoma mambo ya maabara, anasema anapenda kujua kwanini chakula kinaharibika. Nampeleka kwa mama mmoja mwenye chanja. Nimemwambia avae ndala na aje saa kumi na mbili asubuhi, boti zikishaingia hakuna wa kumsubiri.