Alikuwa wapi siku zote? Barua kwa mwanangu kuhusu Sandra Hüller

Marahaba mwanangu,

Meseji yako nimeisoma na nikaona nikujibu kwa barua maana jambo lenyewe ni refu. Umeniuliza huyu mwigizaji wa Kijerumani uliyemwona kwenye filamu ya Anatomy of a Fall, Sandra Hüller, alikuwa wapi miaka yote hiyo mpaka dunia inakuja kumjua ana miaka 45, na je hakuchelewa? Najua hapo unamuuliza yeye na unajiuliza na wewe, na kikundi chenu cha maigizo, na watu wanaokwambia kila siku achana na jukwaa nenda kwenye tamthilia za tivii ndo kuna hela.

Mwanangu huyu mtu hakuchelewa. Alikuwa kazini, tena kazi nzito, ni sisi tu ndo hatukuwa tunaangalia upande huo.

Kazaliwa 1978 mji wa Suhl, jimbo la Thuringia, enzi hizo ni Ujerumani Mashariki, ukuta wa Berlin unaanguka yeye ana miaka 11. Uigizaji kaanzia shuleni huko huko, afu 1996 akaingia chuo cha uigizaji cha Ernst Busch pale Berlin, chuo kigumu kweli kuingia, akamaliza 2000. Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana huku Ujerumani kuna kitu ambacho nyie hamna na ndo kinaeleza maisha yake yote. Karibu kila mji wa maana una ukumbi wake wa maigizo unaolipiwa na mji na serikali ya jimbo, tiketi zinafidia kipande kidogo tu, na ukumbi una kundi lake la waigizaji walioajiriwa kwa mkataba, wanalipwa mshahara kila mwezi. Leo usiku unacheza igizo hili, kesho lingine, asubuhi uko mazoezini kwa ajili ya la tatu. Yeye kaanza hivyo, Jena, halafu Leipzig, halafu Basel kule Uswisi, baadae Munich kwenye ukumbi wa maigizo wa Kammerspiele. Jena si mji mkubwa, hakuna prodyuza wa Hollywood anayepita pale kutafuta watu, lakini unacheza usiku baada ya usiku mbele ya watu waliolipa kukuona na mwili unajifunza.

Kwahiyo filamu ilipokuja ilimkuta tayari. 2006 akatoka na Requiem ya mwongozaji Hans-Christian Schmid, inatokana na kisa cha kweli cha binti mmoja mwanafunzi kule Bavaria, mgonjwa wa kifafa, watu wake wakaamini ana mapepo akafanyiwa ibada za kuyatoa mpaka akafa 1976. Sandra hamchezi kama kichaa wala kama mtakatifu, anamcheza kama msichana anayetaka tu kusoma chuo na kucheza muziki na kupendwa, ndo maana inauma vile. Tamasha la filamu la Berlin likampa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, hana hata miaka 28. Miaka 28 mwanangu! Kwahiyo habari ya kwamba kaonekana ukubwani si kweli, alionekana mapema sana, na baada ya kuonekana akarudi jukwaani kama kawaida.

Miaka kumi mbele ndo ikaja Toni Erdmann, 2016, ya mwongozaji Maren Ade, na hii mimi kama mzazi siwezi kuiongelea kwa utulivu. Anacheza Ines, binti mshauri wa makampuni anayefanya kazi Bucharest, simu haitoki mkononi, halafu baba yake (Peter Simonischek, katutoka 2023) anamfuata huko bila taarifa, kavaa meno ya bandia na wigi, anajifanya mtu mwingine ili apate tu kukaa karibu na mwanae. Kuna sehemu baba anamlazimisha aimbe mbele ya familia ya watu wasiowajua vizuri, wimbo wa Whitney Houston, baba anapiga kinanda. Anaanza kwa hasira na aibu, sauti haijapanda, halafu inapanda, anaimba kama mtu anayetaka kuvunja kitu, akimaliza hasubiri makofi anatoka mbio. Mtu aliyezoea kamera tu pale angetafuta kupendeza, yeye hatafuti, na huo ujasiri mimi nasema kautoa jukwaani.

Baada ya sifa zote zile ungedhani atahama jukwaa. Juni 2019 yuko Bochum, mji uliokuwa wa machimbo ya makaa ya mawe, anacheza Hamlet ya Shakespeare, yeye ndo Hamlet mwenyewe, mwana wa mfalme, nafasi ya mwanaume, chini ya mwongozaji Mholanzi Johan Simons. 2020 igizo likachaguliwa kwenda tamasha kubwa la maigizo kule Berlin, korona ikafunga kumbi, wakalirusha mtandaoni.

Halafu ndo 2023 unayoijua wewe, tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, filamu mbili kwa mpigo. Anatomy of a Fall ikachukua Palme d'Or, tuzo kubwa kuliko zote pale, na The Zone of Interest ikachukua Grand Prix, tuzo inayofuata, na yeye yuko kwenye zote mbili. Hiyo ya kwanza mwongozaji Justine Triet aliiandika akimfikiria yeye, walishafanya kazi pamoja kabla. Sandra ameeleza kwamba alimuuliza Triet huyu mwanamke anayemcheza kamuua mumewe au hajamuua, Triet akakataa kumpa jibu, akamwambia acheze kama asiye na hatia. Ya pili anacheza Hedwig Höss, mke wa mkuu wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, anayelea bustani ya maua wakati ng'ambo ya ukuta watu wanauawa. Mwongozaji Jonathan Glazer alificha kamera mpaka kumi kwenye nyumba, zinarekodi kwa pamoja, waigizaji wanabaki humo ndani peke yao bila wapiga picha. Wewe wa jukwaani utaelewa haraka hiyo maana yake nini, hakuna kukata kata, unaishi tu. Na angalia anavyotembea humo, mzito, miguu kama ya mtu aliyezoea kumiliki, hakumpa yule mwanamke hata chembe ya kupendeza. Mwaka uliofuata akapata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, na akateuliwa Oscar.

Kwahiyo mwanangu sikwambii kataa tivii, watoto wanakula na kodi inalipwa, na nyie huko hamna mji unaowalipa mshahara kila mwezi, hilo naliona na linaniuma. Ninachokataa ni hilo neno kuchelewa. Tafuta Toni Erdmann, inakaribia saa tatu, usiigawe, na baba atakapoondoka Bucharest mara ya kwanza mwangalie Ines pale juu kwenye baraza, anavyompungia mkono na kinachomtokea usoni baada ya hapo, halafu uniambie ungeicheza vipi wewe.

Mama yako