Nilitarajia Makubwa, Nikakuta Vumbi

Wiki hii barua karibu zote zina kilio kimoja: mtu kafunga safari, kachoma hela, kafika, kakuta sivyo alivyoambiwa. Nimeanza na za huku kwetu katikati ya nchi, maana nyingine zimenigusa mfupa.

SWALI: Mwezi wa tisa nilipanda SGR Ijumaa jioni nije kuona makao makuu. Jumamosi nikaamkia upepo, vumbi na miti mikavu. Nikaenda Mtumba, ofisi zimefungwa. Hivi Dodoma watu mnaipendea nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Pole ndugu yangu, ila umemtembelea mtu siku anayofua. Septemba ni mwezi wetu mbaya. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, basi. Zikishakatika, hata mibuyu inavua majani. Upepo ukianza asubuhi na ukasahau dirisha wazi, jioni unakuta shuka limegeuka rangi ya udongo. Na huko Mtumba ni mji wa serikali, ofisi za wizara. Jumamosi ulitaka ukaone nini, meza? Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa 1973, lakini kuhama kwenyewe kumeshika kasi kuanzia 2016, kwa hiyo ulichokuta ni mji ambao bado unajengwa. Rudi Machi. Utadhani treni imekushusha Morogoro kwa makosa.

SWALI: Tulienda kupiga picha kwenye mashamba ya zabibu. Tukakuta vijiti na nyaya. (Wachumba, Morogoro)

JIBU: Mlifika mizabibu ikiwa imetoka kukatwa matawi. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa tatu hivi na tena kuanzia wa nane, na katikati ya hapo shamba linaweza kuonekana kama limeungua. Kabla ya kushona sare, pigeni simu kwa mtu wa Mpunguzi au Hombolo mumuulize shamba likoje.

SWALI: Mimi na mume wangu tumetoka Arusha hadi Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Tukapanda saa saba mchana, tukaonyeshwa madoa mekundu yaliyofifia. Mume wangu kasema ni kutu. (Mama wa watoto wawili, Arusha)

JIBU: Dada, mwambie shemeji si kutu. Ila simlaumu, kwa sababu mara ya kwanza na mimi sikuona kitu. Mzee aliyekuwa akituongoza hakubishana. Alinionyesha jiwe, akasema, "Kaa hapo, nyamaza." Nikakaa nikijisikia mjinga. Baada ya dakika kama tano shingo ikajitokeza, halafu mgongo, halafu miguu: twiga. Pembeni yake watu wembamba kama njiti, vichwa vimevimba kama wamefuga nywele. Walikuwepo muda wote. Jicho langu ndilo lilikuwa bado liko nje juani.

Saa saba jua linawaka hadi ukiingia kivulini unaona giza tupu. Pandeni asubuhi. Na msiende mkitafuta mapango makubwa yenye kiza. Mengi ni miamba iliyoinama tu, kama baraza. Hiyo nyekundu ndiyo ya zamani, kazi ya wawindaji. Ile myeupe iliyo juu yake, mizito na kama ya mtoto, ni ya baadaye, ya wakulima. Eneo zima lina miamba zaidi ya 150 yenye michoro, na wageni wengi wanaonyeshwa mitatu wanaondoka. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikaa huko miezi kadhaa mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja, na UNESCO wakaiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini kwangu mimi kubwa kuliko hayo ni kwamba wenyeji bado wanapanda huko kufanya matambiko, ya mvua na ya wagonjwa. Ninyi mmeingia kwenye nyumba ya ibada ya watu mkatafuta picha ya ukutani.

Jambo moja: mtu akitaka kuimwagia michoro maji ili ing'ae, mkatazeni. Inaharibika.

SWALI: Babu alikuwa akinisimulia karanga za Kongwa. Nimekwenda, nimekuta ng'ombe na mahindi. Alinidanganya? (Kijana wa Kibaha)

JIBU: Hakukudanganya, mdogo wangu. Palipokuangusha wewe ndipo palipowaangusha Waingereza na mpango wao wa karanga, na wao waliacha pauni milioni 36 hivi. Mwaka 1946 wataalamu wao walizunguka wiki tisa tu, sehemu kubwa wakiangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi kusema karanga zitakubali. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kazi. Mibuyu ikagoma kung'oka, nyuki waliomo ndani yake wakatoka, mvua ikakosekana. Halafu kiangazi udongo ule mwekundu ukakauka kama saruji, karanga zikiwa chini. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafa. Ukienda tena, chukua jembe la mkono upige ardhi mara moja mwezi wa kumi. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe.

SWALI: Singida tuliambiwa kuna maziwa mawili mjini. Moja linanuka na hakuna anayeogelea. (Mwalimu, Kahama)

JIBU: Ni maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, na hapa sikutetei wala silitetei ziwa. Niliwahi kulipia chumba "chenye mandhari ya ziwa" huko. Nilipofungua pazia nikatazamana na tangi jeusi la maji. Kaa juu ya mawe jioni, upepo ukiwa unatoka upande wako, kisha ukale kuku wa kienyeji. Kuku hajawahi kuniangusha.

SWALI: Tulipita Mtera hadi Iringa, tukaingia Ruaha mwezi wa tatu. Siku mbili, tembo wawili. (Kikundi cha wafanyakazi, Dodoma)

JIBU: Huko ni kinyume cha kwetu. Mwezi wa tatu nyasi ndefu, maji kila kona, mnyama hana sababu ya kuja barabarani. Nendeni kati ya Julai na Oktoba, mto umebaki madimbwi, wote wanakuja kunywa. Yaani tukiwa tunakula vumbi Dodoma ndiyo msimu wao mzuri.

SWALI: Mpwa wangu yuko Ubelgiji, kanitumia picha ya sanamu maarufu ya mtoto anayekojoa, kanaonekana kama kanasesere. Ananitania? (Shangazi, Kizota)

JIBU: Hakutanii. Manneken Pis ana sentimita 55 hivi, na huyo wa barabarani ni nakala. Mwenyewe yuko makumbusho. Mbuzi wako ni mkubwa zaidi.

SWALI: Namleta mama mkwe kutoka Tanga mwezi wa nane. Nimwambie nini mapema asije akanuna? (Mkwe mpenda amani, Ilazo)

JIBU: Kaka, usimsifie mji hata kidogo. Mwambie aje na sweta, usiku ni baridi, na mafuta ya mgando ya midomo. Mpe zabibu siku ya kwanza. Na viatu vyeupe aviache Tanga.